Nyanya na kantangaze: geuza chupa usome nyuma kabla hujalipa

Mkuu subiri kwanza, hiyo hela ya vikoba usiipeleke dukani. Umeuliza ulime nyanya za mbegu gani na uuze soko la wapi, ila kilichonishtua ni hapo uliposema umeambiwa uchanganye dawa tatu kila wiki ili kantangaze, yule nondo mdogo ambaye kiwavi wake anamaliza nyanya, asisogee. Na mimi niliambiwa hivyo hivyo na muuzaji wa pembejeo, anajiamini utadhani bwana shamba. Ya kwanza ikagoma, akanipa ya pili "kali zaidi", ikagoma, akanipa ya tatu. Majina matatu, bei tatu, kuja kusoma maandishi madogo ya nyuma zote lambda-sihalothrini! Nimelipia dawa moja mara tatu, na huyo mdudu alishalizoea kundi hilo la dawa, pairethroidi, huko huko Amerika Kusini kabla hata hajaonekana Arumeru 2014.

Wewe unabadilisha chupa, yeye yuko ndani ya jani. Chuma jani lenye madoa uliinue juani, utamwona kiwavi anatembea katikati ya ngozi mbili za jani, sasa dawa ya kugusa itampata wapi? Akitoka hapo anatoboa tunda karibu na kikonyo, katundu kadogo tu, ila dalali akikaona anashusha bei ya tenga zima, na petroli ya mashine ya maji umeshachoma, vibarua umeshalipa, kikundi kinataka rejesho. Watu wanahesabu nyanya zilizooza tu, wanasahau dawa isiyoua, na hiyo ndiyo inamaliza mkulima maana unainunua keshi tena kwa hela ya mkopo. Yule muuzaji nina hasira naye mpaka leo, angesema tu hajui.

Hama kundi la dawa, usihame jina la chupa. Tafuta kiambato amilifu, yaani kemikali yenyewe inayoua, kiandike kwenye daftari. Kizazi kimoja cha kantangaze ni kama mwezi, kwa hiyo mwezi huu kundi hili, mwezi ujao kundi lingine kabisa. Na usipulizie kwa kalenda ya muuzaji, weka mtego wa feromoni (harufu ya jike inayovuta madume) wenye maji na sabuni uone kwanza madume wanaingia wangapi. Hapo ulipovuna nyanya juzi usirudishe nyanya wala biringanya wala viazi, weka mahindi au vitunguu, na matunda yaliyotobolewa yafukie chini sana.

Mbegu tutaongea, wewe kapige picha nyuma ya hizo chupa tatu uitume hapa leo kabla hujalipa.