Nitaenda Sokoine kusikiliza nini?

SWALI: Dada, presha ya macho imenimaliza, sasa naona mwanga tu. Zamani sikukosa mechi ya Prisons pale uwanja wa Sokoine. Mpwa wangu anataka twende wote, nami naona nitamharibia siku: atazame mpira au anitazame mimi? Redio si ninayo nyumbani? Halafu anasema wapo wasioona wanaocheza mpira. Ananitania?
Mzee wa Uyole, Mbeya

JIBU: Shikamoo, mzee wangu. Nenda. Mimi macho yaliniacha nikiwa na miaka 19, na Sokoine bado naingia, tena kwa kiingilio kamili.

Redio ya nyumbani inakupa mpira wa mtangazaji. Uwanjani utapata wako mwenyewe. Tafuteni nafasi ya chini, karibu na uzio, usawa wa mstari wa kati. Pale utasikia kiatu: pasi fupi inalia kama kofi kwenye godoro, beki akibutua ni "bum", kisha watu wananyamaza kidogo wakingoja uangukie wapi. Kipa anawafokea mabeki wake. "Eeeh" ikianzia kulia kwako ikawa inapanda kuelekea kushoto, jua winga katoka mbio. "Aaah" ya kushuka, umeshatoka nje.

Redio beba, ile ndogo ya betri, uiweke sikio moja tu. Ya intaneti kwenye simu achana nayo. Mimi niliitegemea siku ya dabi ya Mbeya City na Prisons. Goli likaingia, nikashangilia na wenzangu, nikakaa. Karibu nusu dakika baadaye mtangazaji akalipuka sikioni, nikaruka peke yangu nikidhani ni la pili! Muuza karanga akaniuliza kama niko salama. Sauti ya intaneti hulimbikizwa kwanza ndipo itoke, ndiyo maana huchelewa. FM kwa kawaida haichelewi hivyo.

Mpwa asikutangazie kila kitu, dakika ya kumi atakuwa hoi. Mimi na binti yangu tumeacha hata maneno: kiganja changu ndicho uwanja, kidole chake ndicho mpira. Goli moja liko kwenye kifundo cha mkono, jingine kwenye ncha za vidole. Kona akiipiga, nawashwa.

Na mpwa hakutanii. Mpira wa wasioona una njuga ndani, wanacheza watano kila upande, kipa tu ndiye anaona, wengine wote wamefungwa macho. Anayemwendea mwenye mpira lazima aseme "voy", Kihispania hicho, yaani "naja", wasigongane. Mchezo huo uko Paralimpiki, ile Olimpiki ya wenye ulemavu, tangu Athens 2004. Brazil walibeba dhahabu tano mfululizo, mpaka Ufaransa ilipoichukua Paris 2024. Mpira ukichezwa, mashabiki hunyamaza, njuga zisikike. Huko nami natamani kupelekwa.

Beba koti, Mbeya unaijua, na betri mbili za akiba.