Barua ya Nyumbani Inayoandikwa kwa Kompyuta

Hapa Lubumbashi barua ya karatasi bado ina kazi yake. Habari za kila siku zinapita kwenye WhatsApp, lakini ukitaka kumwomba baba mkubwa aliyeko Kolwezi awe msemaji wa familia siku ya kupeleka mahari, au kuwapa pole wakwe waliofiwa, ujumbe wa simu unaweza kuonekana kama dharau. Kwa kuwa nina kompyuta na printa nyumbani, majirani wa Katuba huniletea barua zao, nami nimeona kwamba mara nyingi kinachoharibu sura ya barua ni mwandishi kung'ang'ania kufanya kwa vidole vyake kazi ambayo mashine ingeifanya yenyewe kama ingeagizwa vizuri.

Andika kwanza barua yote, ndipo ushughulikie sura yake. Anayeanza kwa kuchagua fonti na rangi hufika aya ya pili akiwa amechoka, na matokeo yake salamu zinakuwa ndefu kuliko jambo lenyewe. Andika mfululizo, ukibonyeza Enter mwishoni mwa aya tu, kwa maana mstari ukijaa maneno hushuka yenyewe.

Kijana mmoja aliniletea kwenye flashi barua ya kumshukuru mjomba wake aliyemlipia masomo. Kwenye skrini ilipendeza, mahali na tarehe vikiwa upande wa kulia, ila alikuwa amevisukuma huko kwa kubonyeza kitufe cha nafasi mfululizo. Tulipokuza herufi kutoka 11 hadi 13 ili mzee asome bila taabu, neno «Lubumbashi» lilibaki juu na tarehe ikaangukia mstari wa chini, upande wa kushoto kabisa. Tulifuta nafasi zote, tukaweka kishale kwenye mstari huo na kuuagiza upangwe kulia. Tangu hapo haukuyumba tena, hata tulipobadilisha fonti. Mwanzo wa aya nao usiusogeze kwa nafasi, bali kwa kitufe cha Tab au kwa rula iliyo juu ya ukurasa.

Wengi hupenda barua iliyonyooka pande zote mbili kama gazeti. Kwa Kiswahili mimi siipendekezi. Maneno yetu ni marefu, na programu isipoyakata mwishoni mwa mstari, neno kama «tutakapowasindikiza» linahamia chini zima zima na kuacha mapengo makubwa katika mstari uliotangulia. Panga kushoto, uache upande wa kulia uwe na mawimbi yake.

Kompyuta nyingi za hapa zimewekewa Kifaransa, na hilo lina adabu zake. Herufi nzito ni Ctrl na G, na alama ya ritifaa ya «ng'ombe» inakaa kwenye kitufe cha 4. Programu ikidhani unaandika Kifaransa, itapigia karibu kila neno mstari mwekundu na kuingiza nafasi kabla ya alama ya kuuliza, jambo ambalo Kiswahili hakilihitaji. Chagua maandishi yote kwa Ctrl na A, kisha katika sehemu ya lugha uyatambulishe kuwa ya Kiswahili, au uzime ukaguzi wa tahajia. Angalia pia kwamba ukurasa ni A4, yaani milimita 210 kwa 297, kwa sababu baadhi ya programu huja na kipimo cha Marekani, ambacho ni kifupi kwa milimita 18.

Usiifanye barua ya nyumbani ifanane na barua ya ofisi. Nimeshika mkononi barua ya mtoto kwa mama yake mzazi yenye mstari wa «Kuhusu: ombi la pesa za shule», utadhani mama ni mkurugenzi! Mahali, tarehe, salamu na maneno yako vinatosha. Maneno ya kuagana yakiangukia peke yake ukurasa wa pili, punguza pambizo kutoka sentimita 2.5 hadi 2 badala ya kudunisha herufi, kisha acha mistari mitatu au minne ya kutia sahihi kwa kalamu. Jina lililochapwa tu halimtoshi mzee anayeujua mwandiko wako.

Kama huna printa, hifadhi nakala ya PDF kabla ya kwenda kwenye kibanda cha fotokopi, maana kompyuta ya pale ikikosa fonti yako itaweka nyingine na kuvuruga mpangilio. Fungua faili moja kwa moja kutoka kwenye flashi, bila kuinakili kwenye kompyuta yao. Ikiwa umeituma kwa simu ya mwenye kibanda, mwombe aifute mbele yako, kwenye simu na kwenye kompyuta, pamoja na pipa la taka, kwani mambo ya mahari na ya misiba si ya kusomwa na mteja anayefuata.