Breka Ipi Inafaa Hita ya Gereji?

SWALI: Ndugu Mhariri, ninaishi Minneapolis, Marekani. Nimefunga hita ya umeme ya wati 5,000 na volti 240 katika gereji ninamofanyia useremala wakati wa baridi. Breka yake ni ya ampea 20, na baada ya hita kuwaka kwa saa moja au mbili hujikata. Rafiki yangu aliyekuwa fundi wa stima huko Mombasa ananishauri niweke ya ampea 30. Waya uliomo ni wa shaba, namba 12. Je, nifuate ushauri wake?
Msomaji, Minneapolis

JIBU: Ndugu msomaji, rafiki yako amepatia ukubwa wa breka, lakini nakusihi usiibadilishe kabla ya kubadilisha waya, kwa sababu nyumba huungua kwa kosa la namna hii.

Ukigawanya wati 5,000 kwa volti 240 utapata karibu ampea 20.8, kiasi ambacho tayari kimekipita kidogo kiwango cha breka yako. Ndani ya breka mna kipande cha metali mbili zilizogandamana, nacho hupata moto polepole, hujipinda, na mwishowe hufyatua swichi. Kwa kuwa ziada yako ni ndogo, huchukua muda mrefu kufika hapo. Breka hiyo si mbovu.

Kanuni za umeme za Marekani huihesabu hita ya kufungwa kuwa mzigo wa kudumu, yaani wa kuwaka mfululizo kwa muda mrefu, kwa hiyo waya na breka hupimwa kwa asilimia 125 ya mkondo wake. Hesabu hiyo inakupa ampea 26, na breka inayotumika hapo ni ya 30, pamoja na waya wa shaba namba 10. Huko namba ikishuka waya hunenepa, kinyume cha milimita za mraba tulizozoea Afrika Mashariki, na waya namba 12 kikomo chake ni breka ya 20. Ukiufungia ya 30, breka itatulia kweli, ila waya uliofichwa ukutani utaweza kubebeshwa mkondo unaouzidi bila kitu cha kuukata. Kazi ya kwanza ya breka ni kuulinda waya huo.

Mombasa, volti 240 hupatikana kati ya waya mmoja wa moto, yaani wenye umeme, na nyutro, waya wa kuurudisha. Kwako hupatikana kati ya nyaya mbili za moto, kila mmoja ukiwa na volti 120, hivyo breka sharti iwe pacha, inayokata zote mbili kwa mpigo mmoja. Ukikatwa mmoja tu, hita itapoa huku umeme ukiwa bado umo ndani yake, na atakayeifungua ataupata. Breka iwe pia ya aina iliyoidhinishwa kwa paneli yako, yaani sanduku la breka. Kibandiko cha paneli huitaja.

Basi mwite fundi mwenye leseni apitishe waya namba 10, au, ikiwa gharama ni kubwa, utafute hita isiyozidi wati 3,840, ambayo waya na breka ulizonazo zinaimudu. Vyovyote utakavyoamua, soma kwanza kibandiko cha hita, kwa kuwa mtengenezaji huandika breka anayoitaka. Hadi hapo, hita hiyo ibaki imezimwa.