Uvimbe una "ukosefu" au "upungufu" wa oksijeni?

Swali: Shikamoo mwalimu. Nasomea uuguzi hapa Kigoma. Katika kutafsiri maelezo ya kipimo cha saratani nimeandika: "Mgonjwa huchomwa dawa ya mionzi inayotafuta sehemu za uvimbe zenye ukosefu wa oksijeni." Mwenzangu anasema ni "upungufu". Nani yuko sahihi?

Jibu: Marahaba. Mwenzako. Nenda mwalo wa Kibirizi alfajiri, mitumbwi ikirudi. Mvuvi akisema "dagaa wamepungua", beseni utalipata, ila bei imepanda. Akisema "tumekosa", geuza urudi nyumbani. Mwenye upungufu wa damu naye damu anayo, haimtoshi tu.

Seli za uvimbe zilizo mbali na mishipa ya damu hupata oksijeni kidogo, lakini zingali hai, tena ndizo sugu kwa tiba ya mionzi. Kinachochomwa, tuseme fluoromisonidazoli, huingia kwenye seli zote. Penye oksijeni ya kutosha hutoka tena. Penye upungufu, vimeng'enya vya seli, yaani protini zinazoendesha kazi zake za kikemia, hukigeuza, kikanasa humo humo. Seli iliyokosa oksijeni kabisa hufa, na iliyokwisha kufa haina vimeng'enya vinavyofanya kazi, basi hakinasi. Ukiandika "ukosefu", unampeleka msomaji mahali ambapo kipimo hakionyeshi kitu.

Kwa sababu hiyo hata "inayotafuta" iondoe, andika "hunasa". Ila neno linaloniumiza zaidi ni "dawa". Kweli, kemikali hii ni ndugu wa metronidazoli tunayomeza kwa amiba, na ndugu huyo ni dawa. Lakini mgonjwa akisikia dawa hutumaini kupona, na sindano hii haiponyi, inaonyesha tu. Mwandikie "kifuatiliaji chenye mionzi". Wataalamu wana neno "nururifu", zuri sana, ila mama wa Ujiji anaijua mionzi.

Jambo moja umeliacha. Florini-18, ndiyo inayotoa mionzi ndani ya kifuatiliaji, hutengenezwa ndani ya saiklotroni, mashine ya kuzikimbiza chembe ndogo kwa kasi kubwa, kwa kuyapiga maji yenye oksijeni-18 kwa protoni, na nusumaisha yake, yaani muda wa nusu yake kuisha, ni dakika 110. Ipakie kwenye treni ya kuja Kigoma kutoka Dar es Salaam: baada ya saa 24 haijabaki hata sehemu moja kati ya elfu nane. Kwa hiyo usiandike "kitaletwa hospitali". Andika kwamba mgonjwa ndiye atakayesafiri kukifuata.