Daktari yuko simuni, shangazi yuko ukutani

Ukitaka mshauri wa kisaikolojia kwa simu, kwanza tafuta mahali pa kuzungumzia. Bei, bando na huyo mshauri mwenyewe vitafuata. Mimi nilianzia kwingine, nikapoteza vikao viwili.

Naishi Likoni, Mombasa, na kazi yangu iko Marikiti, ng'ambo ya kivuko, kwa hivyo kuvuka kwa feri ni kila siku. Asubuhi moja feri ilipoondoka tu, moyo ukaanza kwenda mbio, mikono ikafa ganzi, nikajua nakufa mbele za watu. Nilipimwa moyo, haukuwa na neno. Mamangu akaniandikishia kombe, aya za Kurani zinazoandikwa sahanini zikaoshwa kwa maji, nikanywa. Lakini kila nikisikia honi ya feri, roho yapaa, hata nikawa nazunguka kwa barabara ya Dongo Kundu kama mtu anayekimbia deni. Daktari aliyenipima ndiye aliyenitajia mshauri wa Nairobi anayehudumia watu kwa simu.

Kikao cha kwanza nilikifanyia chumbani. Nyumba yetu ni ya Kiswahili: vyumba sita, ukumbi katikati, na kuta hazifiki paa. Nilimsikia shangazi upande wa pili akichambua mchicha, naye akinisikia. Basi majibu yangu yakawa "ndiyo", "la", "kidogo tu". Dakika 50 za kulipia! Cha pili kikawa vivyo hivyo, na nilipotoka nikamkuta mlangoni: "Huyo wa Nairobi amekuposa?"

Cha tatu nilikifanyia ndani ya tuktuk ya kakangu, imeegeshwa ufukweni pale Mama Ngina, maturubai yameshushwa. Nililia. Katikati ya kilio abiria akafunua turubai: "Mpaka Buxton ngapi?" Mshauri alimsikia, akacheka, nikacheka nami, na tangu hapo ndipo nilipoanza kusema kweli.

Lugha nayo iulizie mapema. Mshauri wangu ni wa bara, na nilipomwambia roho yapaa, aliniuliza yapaa vipi, yaanzia wapi mwilini. Kumweleza kulinifaa. Lakini angetaka Kiingereza ningeshindwa. Nani aliaye kwa Kiingereza cha kuombea kazi?

Kabla ya kulipa, mwombe namba yake ya usajili. Wanasaikolojia na washauri wana bodi yao kwa sheria ya 2014, na madaktari wa akili wako chini ya baraza la madaktari. Anayeudhika kuulizwa, muache. Muulize pia kama anarekodi, maana Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inahesabu habari za afya yako kuwa data nyeti. Intaneti ikisumbua, achana na video, pigeni simu ya kawaida. Mimi picha yangu ilikuwa ikiganda mdomo wazi.

Mshauri hakuniambia nisiogope. Alinituma nikasimame tu pale kwenye mteremko wa kivuko, nitazame feri mbili zikiondoka, kisha nirudi nyumbani. Wiki iliyofuata nivuke na kakangu, nikitoa pumzi polepole kuliko ninavyoivuta. Halafu peke yangu. Mara ya kwanza peke yangu nilishika chuma cha pembeni mpaka viganja vikanuka kutu.

Si kila jambo ni la simu. Ukisikia sauti wasizosikia wengine, au ukiwaza kujiua, usingoje miadi: nenda hospitali, Coast General au Port Reitz, na mtu akusindikize. Ama piga 1199 ya Msalaba Mwekundu, ni bure. Na usijifiche kwa kuogopa polisi: Januari 2025 Mahakama Kuu iliamua kwamba kifungu kilichofanya jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai kinakiuka Katiba.

Mimi bado nina vikao. Juzi shangazi alinifuata jikoni, akafunga mlango, akaniuliza kwa sauti ya chini kama yule wa Nairobi huzungumza na watu wa makamo, na kama tuktuk itakuwa na nafasi Alhamisi.