Hali amri si utovu wa adabu: kulinganisha maombi ya Kiingereza na Kibulgaria

SWALI: Nasomea shahada ya uzamili Sofia. Tasnifu yangu inalinganisha maombi katika Kiingereza cha Uingereza na Kibulgaria. Nimekusanya data kwa dodoso la kukamilisha mazungumzo, nikayapanga majibu kwa zile ngazi tisa za uwazi za mtafiti Blum-Kulka na wenzake, kuanzia amri ya wazi hadi dokezo. Upande wa Kibulgaria hali amri zimejaa, na kwa hesabu yangu Wabulgaria wanatoka kama watu wasio na adabu. Msimamizi ameirudisha sura nzima. Tatizo liko wapi?

JIBU: Ngazi hizo zinapima uwazi wa ombi, basi. Adabu ni kipimo kingine, na Blum-Kulka mwenyewe alikwisha kuvitenganisha viwili hivyo mwaka 1987. Wewe umevifanya kimoja.

Tuchukue dirisha. Mwingereza akiwa na abiria asiyemjua atasema "Could you close the window?" Kiwakilishi chake "you" ni kilekile kwa mtoto na kwa jaji, kwa hiyo staha lazima aitafutie mahali pengine, na muundo wa swali ndio ulio karibu. Mbulgaria anaweza kusema "Zatvorete prozoretsa, molya" na asimkere mtu. Ni hali amri, lakini kiishio -te kimekwisha kubeba heshima ya Vie, yaani "ninyi" anayoambiwa mtu mmoja kwa staha. Rafiki, anayeitwa ti (wewe), angeambiwa "zatvori". Na hilo molya kwa asili ni kitenzi cha nafsi ya kwanza: naomba. Hapa Mswahili ana faida kuliko wengi wanaoandika juu ya mada hii. "Naomba chumvi" iko karibu na kilele cha ngazi za uwazi, na hakuna mezani atakayenuna.

Angalia pia molya lilivyo katika data yako. Peke yake ni laini na la kawaida. Likiwa "molya te" au "molya Vi" (nakuomba) uzito unaongezeka, mara nyingi linakaribia kusihi. Ukiyaweka yote kwenye safu moja na "please", umepoteza habari.

Usimbaji, yaani kuyapanga majibu kwa alama, uuanze upya, kila jibu ukiligawa sehemu tatu: mwito (jina, cheo, "izvinete", yaani samahani), ombi lenyewe, na maelezo yanayolizunguka, kama sababu au ahadi. Kisha ongeza safu ambazo karatasi iliyotengenezwa kwa Kiingereza haina. Ya kwanza ni ti au Vie. Ya pili ni wakati na hali ya kitenzi: "iskah da Vi pomolya", nilitaka kukuomba, ni ombi la sasa lililovikwa wakati uliopita ili lilainike. Ya tatu, ambayo karibu kila mtu huisahau, ni vipunguzi, maumbo ya udogo wa nomino. "Edna minutka" si dakika fupi zaidi. Kazi yake ni kulifanya ombi lionekane dogo, kazi ambayo Kiingereza hulipa neno "just" au "a bit".

Safu ya Vie ina mtego wa upatanisho. Katika "Bihte li bili taka lyubezna da mi pomognete" (je, ungekuwa mwema kiasi cha kunisaidia) aliyeombwa ni mwanamke mmoja. Bihte, bili na pomognete viko katika wingi, lakini kivumishi lyubezna ni umoja, jinsia ya kike. Msaidizi anayehesabu alama za wingi bila kuijua kanuni hii ataandika kwamba mzungumzaji amechanganya. Hajachanganya, hiyo ndiyo sarufi sanifu. Kwa rafiki, jinsia huingia hata kwenye kitenzi: "bi li zatvoril" (je, ungefunga) kwa mwanamume, "bi li zatvorila" kwa mwanamke. Kwa hiyo kila hali ya dodoso, yaani tukio analopewa mjibuji, lazima itaje jinsia ya msikilizaji.

Nashuku dodoso lenyewe pia. Kama ulilitafsiri kutoka Kiingereza, soma tena kila hali uone kama maelezo yameshachagua ti au Vie kwa niaba ya mjibuji. Msikilizaji aelezwe kwa nafsi ya tatu: "profesa, mwanamke, hamjawahi kuzungumza". Jibu la msikilizaji lisichapwe chini ya nafasi ya kujaza, maana mjibuji hulisoma kwanza na kulitungia ombi linaloendana nalo. Mamlaka, ukaribu na uzito wa ombi, kila kimoja kwa viwango viwili, vinakupa hali nane. Changanya na nne za kuomba radhi au kukataa ili watu wasitambue unachotafuta.

Adabu ipime peke yake. Chagua maombi kama 20 kutoka kila lugha, yenye uwazi tofauti, uwape wazawa kumi wa lugha hiyo ambao hawakujaza dodoso, wayapime kuanzia 1 hadi 5 wakiwa wameelezwa nani anamwomba nani. Bila maelezo hayo alama hazina maana: "bihte li" kwa dada wa tumbo moja inaweza kusikika kama kejeli au kinyongo.

Data ya zamani usiitupe. Hali ambazo maelezo yake hayakumchagulia mjibuji ti au Vie bado zinafaa. Zisimbe hizo kwanza, mpe msimbaji wa pili asilimia 20 bila kumwonyesha majibu yako, na kappa ya Cohen (kipimo cha makubaliano kati ya wasimbaji wawili) ikiwa chini ya 0.7 rekebisheni maelezo ya safu kabla ya kuendelea.