Ng'ombe waliozaliwa kwenye jedwali

Wiki iliyopita kijana mmoja aliniandikia: "Kaka, nami nataka kuwa mtafiti wa sera za tabianchi, nianzie wapi?" Nilicheka kidogo. Swali hilohilo niliwahi kuuliza, nikaambiwa nisome sera. Nikasoma. Mkataba wa Paris, ule wa nchi za dunia kuhusu tabianchi, nikaujua ibara kwa ibara. Ile ya 13, ya uwazi wa taarifa, ningeweza kuitaja usingizini. Hakuna aliyeniambia kwamba kibarua chenyewe ni kukodolea macho jedwali la Excel ukimtafuta aliyeandika kilo mahali pa tani.

Nilianzia kwenye gesijoto za mifugo, yaani gesi zinazoipasha dunia joto. Hesabu yake ukiitazama ni nyepesi: idadi ya wanyama, mara methani anayotoa mmoja kwa mwaka, kisha unazidisha tena ili methani ilinganishwe na hewa ukaa. Hapo mwisho ndipo nilipoteleza. Ripoti ya tathmini ya 1995 ya IPCC, jopo la Umoja wa Mataifa la sayansi ya tabianchi, iliipa methani uzito wa 21 kwa kipindi cha miaka 100: tani yake moja inapasha joto kama tani 21 za hewa ukaa. Ya 2007 ikasema 25. Ya 2013, ambayo ndiyo ya taarifa za Mkataba wa Paris, 28. Miaka ya nyuma nilinakili kwenye faili la mtangulizi wangu, aliyetumia 21. Miaka mipya nikapiga mwenyewe kwa 28. Mchoro ukaruka theluthi nzima ndani ya mwaka mmoja, nami, Mungu anisamehe, nikaandika aya mbili kueleza "ongezeko kubwa la mifugo". Aya mbili! Na idadi ya ng'ombe iko palepale, safu ya tatu, haijasogea.

Mhakiki aliandika mstari mmoja pembeni: "Ng'ombe hawa wamezaliwa lini?" Mkuu wangu, aliyeipitia rasimu na kuisaini, aliusoma kwa sauti kikaoni kana kwamba ripoti ile anaiona leo. Nimeshasamehe. Nadhani.

Basi mdogo wangu, kabla ya kubishana kuhusu kodi ya kaboni, fungua mwongozo wa IPCC wa 2006, juzuu ya 4, sura ya 10, upige hesabu moja kwa mkono. Kila namba iandikie ilikotoka, mwaka wake na kipimo chake. Tani ya kaboni si tani ya hewa ukaa. Kutoka kaboni kwenda hewa ukaa unazidisha kwa 44 na kugawa kwa 12. Nasema tena: andika ilikotoka.

Tena sera yenyewe imejificha humo. Ukitumia ngazi ya kwanza ya mwongozo, kila ng'ombe wa kundi moja anapewa kiwango kilekile cha methani. Wafugaji waboreshe malisho miaka kumi, jedwali halitaona kitu. Kwa macho yake, dawa ni kupunguza ng'ombe tu. Lazima upande ngazi ya pili, uwe na takwimu za uzito, maziwa na lishe, ndipo jitihada zao zihesabike. Nimekaa na washauri wanaovaa beji za mikutano mikubwa, hawalijui hili, na wanaandikia nchi nzima mipango. Msiwe kama wao.

Ripoti ya mwaka huu, yenye sura yangu ya mifugo, imerudi kutoka kwa wahakiki juzi. Maswali sita, yote ya sura ya taka, ambayo si yangu. Kwenye ng'ombe hawakuweka hata nukta.